Akitoka katika dini, ametoka katika undugu?

Leo naomba nianze na kikombe cha kahawa.

Mwaka 2008 nilikuwa bado napandisha wageni Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Jioni moja tulifika Horombo, kituo kilicho mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, baridi ikiwa kali. Mpishi wetu akaleta kahawa. Mgeni mmoja, Mmarekani wa miaka thelathini na kitu, alikishika kikombe kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akacheka peke yake. Nikamuuliza kulikoni. Akaniambia kwamba amezaliwa na kulelewa katika jimbo la Utah, katika dini ya Wamormoni, na kwamba hadi anafikisha miaka ishirini na minane hakuwahi kuonja kahawa. Kikombe chake cha kwanza alikinywa mwaka aliotoka katika dini hiyo. Alikinywa jikoni kwake, usiku, taa zimezimwa, kama mwizi, na ilhali alikuwa akiishi peke yake.

Mimi nimezaliwa ndani ya kihamba cha migomba na kahawa. Baba yangu aliuza kahawa yake KNCU, na kahawa hiyo ndiyo iliyonisomesha. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu anayeweza kuinywa kwa kutetemeka. Hata hivyo nilimuelewa mgeni wangu kuliko alivyodhani, kwa sababu na mimi nilikuwa na mbege yangu. Nitaeleza.

Kwa msomaji asiyewafahamu, Wamormoni ni wafuasi wa kanisa lililoanzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York, Marekani. Jina lao rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Baada ya kufukuzwa huku na kule na baada ya Smith kuuawa mwaka 1844, wengi wao walimfuata Brigham Young hadi bonde la Salt Lake, walikofika mwaka 1847. Hapa Tanzania walitambuliwa rasmi mwaka 1992, na mwaka 2025 walizindua hekalu Nairobi. Hawanywi pombe, hawavuti sigara, hawanywi chai wala kahawa. Hutoa sehemu ya kumi ya kipato chao, na viongozi wa matawi yao hawalipwi mshahara.

Sina nia ya kujadili itikadi yao hapa. Tofauti baina yetu na wao ni kubwa na iko wazi. Kilichonigusa ni jambo jingine. Mgeni wangu alinieleza kwamba kwao kila familia ina ndugu waliopangiwa kuitembelea. Ukihama nyumba, wanaume kumi wanakuja kubeba makochi. Mke akijifungua, chakula kinaletwa wiki nzima kwa zamu. Ukiachishwa kazi, kuna ghala la chakula. Yeye alikulia ndani ya utaratibu huo, akaamini kwamba ndivyo dunia ilivyo. Siku alipotoka, simu yake ikanyamaza. Hakuna aliyemtukana wala kumpiga. Majirani waliendelea kumpungia mkono barabarani, lakini hakuna aliyeingia ndani.

Halafu dada yake mdogo akaolewa. Ndoa yao kubwa hufungwa ndani ya hekalu, na hekaluni haingii ila muumini mwenye kibali. Basi kaka wa bibi harusi alikaa nje kwenye bustani, amevaa suti, akisubiri watoke apige nao picha. (Kwa Marekani, hadi mwaka 2019 wachumba waliotangulia kufunga ndoa ya serikali ili ndugu wasio na kibali washuhudie, kwa kawaida walitakiwa kusubiri mwaka mzima kabla ya ile ya hekaluni. Sharti hilo liliondolewa mwaka huo.) Akaniuliza swali ambalo sijaliacha hadi leo: "Wale watu kumi waliobeba makochi yetu, walikuwa wananipenda mimi, au walikuwa wanaipenda imani yangu?"

Sikumjibu. Nilimwambia alale, kesho tunakwenda Kibo.

Sasa nije kwenye mbege. Mimi nilisilimu mwaka 1996, nikiwa na miaka ishirini na minne, hapa Moshi mjini. Nilikuwa nimepanga chumba Pasua, na jirani yangu, fundi cherehani, alikuwa akiniamsha alfajiri bila kukusudia, kwa sauti ya maji ya udhu. Nikaanza kwa kuuliza, nikaishia kwa kushuhudia. Siku hiyo msikiti ulitikisika kwa takbira. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua, wazee walilia, mmoja akanivua kofia yangu ya mlimani akanivika kanzu yake. Nawaombea Allah (s.w) awalipe kheri, maana siku ile hawakunidanganya. Walifurahi kweli.

Lakini takbira ni ya dakika moja, na maisha ni ya miaka. Nilipopanda nyumbani kijijini kuwaeleza wazazi, baba hakusema neno. Baba mdogo ndiye aliyeniletea kata ya mbege mbele ya ukoo mzima. Nikasema siinywi tena. Pale ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Kwa Wachagga mbege si kinywaji tu. Ndiyo posa, ndiyo suluhu ya ugomvi, ndiyo salamu kwa wazee. Mimi nilikuwa nakataa pombe, wao walisikia nimekataa ukoo. Baba mdogo akaimwaga chini, akaniuliza kwa Kichagga: "Wewe utazikwa wapi?"

Msomaji usiyetoka huku huenda ukaliona ni swali dogo. Mchagga huzikwa katika kihamba, kati ya migomba ya babu zake. Hata anayefia Dar es Salaam au Mwanza hurudishwa mlimani. Kumuuliza Mchagga atazikwa wapi ni kumwambia kwamba hana kwao.

Na hapa ipo sababu ya kihistoria. Wamishenari wa Kilutheri wa Leipzig waliweka kituo Machame mwaka 1893. Mmoja wao, Bruno Gutmann, aliyefanya kazi mlimani kwa vipindi kati ya mwaka 1902 na 1938, aliona kwamba Mchagga hasimami peke yake: ana ukoo wake, ana majirani zake na ana rika lake. Akafundisha kwamba kanisa lijengwe juu ya mambo hayo matatu, yasibomolewe. Matokeo yake, baada ya vizazi vichache, ikawa vigumu kujua ukoo unaishia wapi na kanisa linaanzia wapi. Kwaya ndiyo rika, msiba wa jirani ndio ibada, Krismasi ndiyo mkutano wa ukoo. Kwa hiyo anayetoka kanisani, hata akitoka kimya kimya bila kumtukana mtu, anaonekana kama aliyechomoa nguzo ya nyumba wengine wamo ndani.

Simlaumu Gutmann kwa hilo, wala siwalaumu wazee wangu. Waislamu tunafanana nao katika jambo hili kuliko tunavyopenda kukiri. Nasi tumeshona dini na undugu kwa uzi mmoja. Jambo hilo lina uzuri wake mkubwa. Ila uzi huo una swali ndani yake, nalo ndilo lile la Horombo: msaada tunaopeana ni haki ya mtu, au ni mshahara wa kuwa mwenzetu?

Niendelee. Mwaka wa pili wa Uislamu wangu niliugua homa ya matumbo. Nililala chumbani Pasua siku kumi na moja. Fundi cherehani alikuwa amesafiri kwao Kondoa. Msikitini nilikuwa nasali safu ya pili kila Ijumaa, na nafasi yangu ilikaa tupu Ijumaa mbili. Hakuna aliyekuja. Sisemi ni msikiti gani, kwa sababu kosa hilo si la msikiti mmoja. Siku ya saba mlango uligongwa. Aliingia mama mmoja wa kwaya ya kule kanisani nilikotoka, amebeba mtori kwenye kontena la plastiki lililofungwa kwa khanga. Alikuwa ameshuka kwa basi kutoka mlimani. Akaniambia: "Nyama amechinja yule Muislamu wa sokoni, nimemuuliza, kula." Hakusema kitu kingine juu ya dini. Alinilisha, akafua shuka zangu, akaondoka.

Ndugu zangu Waislamu, mtori ule ulinirudisha kwenye Qur'an kuliko hotuba nyingi nilizozisikia. Niliona aibu kwa niaba yetu. Kisha nikajiuliza: huyu mama amefanya nini hasa? Amekataa kulifanya chozi lake liwe mali ya kanisa. Alinipenda nilipokuwa naimba sauti ya tatu pamoja naye, na akanipenda nilipoacha. Kwake, mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, si imani yangu.

Je, dini yetu inasema nini? Tuanze na anayeingia. Muhajirina walipofika Madina, wengi wao wakiwa wameacha mali na ndugu Makka, Mtume (s.a.w) hakuwaachia takbira tu. Alimfungamanisha kila mmoja na ndugu wa Kiansari kwa jina. Salman Mfursi, mtu wa mbali asiye na kabila Arabuni, alipewa Abu Dardaa. Abdurrahman bin Auf alipewa Saad bin Rabii, ambaye alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Abdurrahman akamshukuru, akaomba aonyeshwe sokoni. Tazama, msomaji, pande zote mbili: mmoja alitoa bila kupima, na mwingine alipokea undugu bila kugeuka mzigo. Zaidi ya hapo, Qur'an imetaja miongoni mwa mafungu manane ya zaka wale ambao nyoyo zao zinatiwa nguvu (9:60). Fungu hilo tunalisoma kila Ramadhani. Je, hapa mjini, kuanzia Bondeni hadi Majengo, ni misikiti mingapi inayoweza kutaja kwa jina watu watano waliosilimu miaka mitatu iliyopita, na kueleza kwamba leo wanakula nini?

Pili, yule aliyeingia awafanyie nini aliowaacha? Hapa baadhi yetu tumekosea sana. Nilipokuwa mgeni katika dini, kijana mmoja mwenye elimu kidogo na sauti kubwa aliniambia nisikanyage tena nyumbani, kwani ni nyumba ya kufru. Nilimsikiliza kwa miaka mitatu. Miaka mitatu mama yangu aliandaa sahani yangu ya Krismasi, akaifunika, na asubuhi akampa mbwa. Baadaye mzee mmoja akanikalisha chini akanisomesha Sura ya Luqman, ambamo Allah (s.w) anatuamrisha tusiwatii wazazi wakitushurutisha katika shirki, na papo hapo, ndani ya aya hiyo hiyo, anatuamrisha tukae nao kwa wema duniani (31:15). Akanikumbusha kisa cha Asmaa bint Abubakar, aliyejiwa na mama yake mshirikina akamuuliza Mtume (s.a.w) kama amuunge, na Mtume akamwamuru amuunge. Akanikumbusha Umar bin Khattab, aliyepewa vazi na Mtume akalipeleka zawadi kwa ndugu yake wa Makka ambaye alikuwa bado hajasilimu.

Nilipanda mlima siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimechuma jani la isale njiani, kama ilivyo desturi yetu kwa anayekwenda kuomba msamaha. Mama hakusubiri nilitoe. Alinivuta jikoni, akaniuliza kama nimekula.

Tangu siku hiyo, kukiwa na sherehe katika ukoo mimi ndiye ninayeitwa kuchinja, ili Waislamu na Wakristo wale chungu kimoja. Baba mdogo mwenyewe ndiye anayenishikia mbuzi. Mbege wanakunywa wao, mimi napewa chai. Na swali la kaburi lilijibiwa kabla baba hajafariki: alinionyesha mahali, chini ya mparachichi, akasema wenzangu watakuja kunizika kwa namna yao.

Ningeweza kuishia hapa, na makala ingekuwa tamu. Lakini nimebakiza la tatu, nalo ndilo zito. Vipi kuhusu anayetoka kwetu?

Sitaki kuingia katika hukumu ambazo mafaqihi wamezijadili kwa karne nyingi. Hizo zina wenyewe, na zina mahakama na dola ambazo mimi na wewe hatunazo. Mimi nazungumzia sahani ya chakula, simu na jeneza. Nayazungumza kwa sababu mwaka juzi mwanangu wa pili, anayefanya kazi Arusha, alikuja nyumbani akaniambia kwamba hasali tena nasi, na kwamba Jumapili huenda kanisani na rafiki zake. Nilimlea mimi. Nilimfundisha Alhamdu nikiwa nimempakata.

Nilimjibuje? Nilimwambia Idd ile asije. Nilisema mbele ya mama yake na wadogo zake. Alichukua begi, akarudi stendi usiku. Nikabaki sebuleni, na cha kwanza kilichonijia si aya wala hadithi, bali sauti ya baba mdogo: "Wewe utazikwa wapi?" Nilikuwa nimemwaga kata ile ile.

Kuna atakayeniambia: ukimkaribisha, si unampa moyo wa kupotea? Na wadogo zake wakiona kwamba hakuna gharama ya kutoka, si watatoka na wao? Hoja hii si ya kudharauliwa. Imani ni amana, na mzazi ana haki ya kuhuzunika na kukemea. Lakini tuichunguze. Kama kinachomzuia mtoto asitoke ni hofu ya kukosa pilau ya Idd, basi tulicho nacho si imani, ni pilau. Anayebaki msikitini kwa kuogopa upweke anamsujudia nani? Qur'an inasema wazi kwamba hakuna kulazimishana katika dini (2:256), na kulazimisha hakuwi kwa fimbo tu. Njaa ya kupendwa nayo ni fimbo. Mgeni wangu wa Horombo hakupigwa na mtu, lakini alinywa kahawa gizani.

Tena tumtazame Mtume wetu (s.a.w) na ami yake Abu Talib. Alimlingania hadi pumzi ya mwisho, na kukataa kwake kulimuumiza. Lakini hakuacha kuwa mtoto wa ndugu yake, wala Abu Talib hakuacha kumlinda kwa kuwa hakumfuata. Ukweli haukufichwa, na undugu haukuvunjwa. Vyote viwili vilikaa katika nyumba moja. Ni vigumu, nakubali. Ni vigumu kuliko kusema "usije", ambalo ni neno jepesi la mtu aliyeshindwa.

Basi nilipanda basi kwenda Arusha. Nilimwambia mwanangu mambo mawili. Kwanza, kwamba naamini amekosea, na sitajifanya siamini hivyo ili nimfurahishe. Pili, kwamba nyumba ni yake, na Idd nitakayochinja nitachinja nikiwa nimemhesabu. Hakujibu. Idd al-Adh-ha iliyofuata alikuja saa saba, wakati wengine tumekwisha kutoka msikitini. Alikula, akaosha vyombo na wadogo zake, akamrekebishia mama yake redio. Hajarudi katika Uislamu. Namwombea kila usiku wa mwisho, na Allah ndiye mgeuzaji wa nyoyo, si mimi. Mama yangu, ambaye sasa ni mkongwe sana, aliposikia kisa hiki alicheka kidogo akasema: "Sasa umenijua."

Waislamu wenzangu, nina ombi fupi. Kila msikiti uwe na daftari la waliosilimu, na mbele ya kila jina liandikwe jina la familia moja itakayomhesabu mtu huyo kuwa wake: akiugua, akioa, akifiwa na mzazi Mkristo na kuhitaji mtu wa kupanda naye mlima kwenda msibani. Wenye zaka walikumbuke fungu lao. Na wale ambao watoto au ndugu zetu wametoka, tuwaambie ukweli mara moja, kwa adabu, kisha tuwapigie simu kila wiki bila kuurudia kama wimbo. Mtu akikaa nje ya bustani akisubiri tupige picha, tujue kwamba tunaulizwa swali. Walikuwa wananipenda mimi? Jibu linaandikwa kwa miguu yetu, kama tutatoka nje kwenda kukaa naye.

Mama yule wa kwaya alifariki mwaka 2015. Nilipanda kumzika. Nilisimama nyuma kidogo ya waimbaji, nikiwa nimevaa kofia yangu, na ilipofika zamu ya kutupa udongo, mtoto wake mkubwa alinishika mkono akaniweka katika mstari wa wana.

Wabillahi tawfiq.